Briar melini: tulivyowasiliana Tanga hadi Pemba bila mtandao

Naandika haya kwa wanaovuka bahari kutoka Tanga kwenda Pemba wakiwa kundi, hasa wenye wazee na watoto. Ipo programu ya simu ya kutumiana meseji hata bila mtandao, inaitwa Briar. Tuliitumia kwenye safari ya arusi, tukipandia gati ya Tanga na kushukia bandari ya Mkoani kule Pemba, na imenifaa kiasi kwamba namtaka kila mwenye ukoo mkubwa aijue kabla hajakata tiketi. Ina upungufu wake na nitausema wote, maana wengine itawafaa na wengine watahangaika nayo bure.

Kwanza tatizo. Ukiwa gatini simu inashika vizuri tu. Meli inapita kisiwa cha Toten, inapita Ulenge na mnara wake wa taa, na bado unaweza kupiga nyumbani kuaga. Baada ya hapo vile vijiti vya mtandao vinaanza kupungua, na mkifika katikati ya mkondo wa Pemba simu inabaki kuwa saa na tochi. Pemba iko kama kilomita 50 kutoka bara, na minara ya simu iko nchi kavu. Grupu la WhatsApp mliloliandaa kwa mbwembwe, lenye picha ya maharusi, linanyamaza kabisa wakati mnalihitaji kuliko wakati wowote.

Na melini watu hawatulii mahali pamoja. Wazee wanataka ukumbi wa chini wakae, au walale kwenye mkeka. Vijana wanataka sitaha ya juu wapate upepo. Watoto wanataka kila mahali. Bahari ikichafuka kidogo anaanza mmoja kutapika, anatoka nje kutafuta hewa, mwingine anamfuata, mara nusu ya kundi hujui iko wapi. Kumtafuta mtu maana yake ni kupanda na kushuka ngazi za chuma huku meli inayumba, unapita katikati ya mizigo na miguu ya watu waliolala.

Nyumbani kwetu jambo hili halichukuliwi kwa wepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Wazee wetu wa huku pwani wanaukumbuka msiba ule vizuri. Mpaka leo mama haagi mtu wa kwenda Pemba bila kumwambia, “Mkae pamoja, msiachane.” Kwa hiyo nilipotafuta njia ya kuwasiliana melini nilikuwa natafuta njia ya kuutii usia huo.

Kwenye meli kubwa za kitalii za Ulaya na Marekani jambo hili limeshafikiriwa. Kampuni kadhaa zina programu zao ambazo abiria anaziweka kwenye simu, anaunganishwa na Wi-Fi ya meli, kisha anaandikiana na wenzake waliomo humohumo hata kama hakununua kifurushi cha intaneti. Carnival wanayo yao inaitwa HUB, na sehemu ya kuandikiana imekuwa ikitozwa ada. Abiria wa meli hizo huonywa pia waweke simu kwenye hali ya ndegeni, kwa sababu mtandao wa simu wa melini unapita kwenye setilaiti na bili yake inaumiza. Meli tuliyopanda sisi haikuwa na kitu cha namna hiyo, na si wa kulaumiwa kwa safari ya saa chache. Ila haja ni ileile.

Briar inafanya kazi bila kumtegemea mtu wa kati. Meseji haipiti kwenye kompyuta ya kampuni yoyote. Inatoka simu hadi simu kwa Bluetooth, au kwa Wi-Fi ikiwa simu zote zimeunganishwa sehemu moja, hata kama Wi-Fi hiyo haina intaneti. Mtandao ukiwepo inatumia intaneti, kupitia Tor, mfumo unaoficha nani anawasiliana na nani. Kwa hiyo mazungumzo mliyoyaanza mkiwa Ngamiani, mjini Tanga, yanaendelea palepale mkiwa baharini, ila njia tu ndiyo inabadilika. Ni ya bure, toleo lake kamili la kwanza lilitoka 2018, na haina matangazo. Unaipata Google Play au F-Droid, duka jingine la programu za Android.

Kuiandaa kunataka muda, na hapa ndipo wengi watakata tamaa. Namba ya simu haitumiki. Kila mmoja anajiandikisha kwa jina na neno la siri, halafu mnaongezana mmoja mmoja. Mkiwa pamoja, unauskani msimbo wa QR kwenye simu ya mwenzako na yeye anauskani wako, mnashikilia simu uso kwa uso mpaka zitambuane. Sisi tuliifanya kazi hiyo baada ya Isha, sebuleni kwa shangazi, sinia ya visheti katikati. Simu ya shangazi kioo kimepasuka kwenye kona, na kamera ya mpwa wangu ilikataa kuusoma msimbo mpaka shangazi alipochukua pindo la kanga akakifuta kioo mafuta ya kupikia. Baada ya hapo ikasoma mara moja, na yeye akataka aongezwe kwa kila mtu aliyekuwemo chumbani, hata wasiosafiri.

Wasiokuwa na bando hawakukwama. Briar ina sehemu ya kumgawia mwenzako programu yenyewe bila intaneti: simu yako inafungua Wi-Fi, yake inajiunga, anaipakua kutoka kwako. Binamu zangu wawili waliipata hivyo.

Sasa kitu kimoja ambacho ukikijua kitakuokoa. Ndani ya Briar kuna namna mbili za kuzungumza wengi: kundi la faragha na jukwaa. Kwenye kundi la faragha meseji zinategemea sana simu ya aliyelianzisha. Asipokuwa karibu zinaweza kuchelewa, labda wanakundi wawe wamekubali kuonyeshana kwamba wanajuana. Jukwaa lina uhuru zaidi. Mtu yeyote aliyemo anaibeba meseji na kuipeleka kwa mwingine aliyemo, mradi wawili hao wameshaongezana. Kwa melini chukueni jukwaa. Sisi tulilianzisha usiku uleule, tukaliita jina la bwana arusi.

Siku ya safari kaka yangu aliketi ukumbini na wazee, akazima data, akawasha hotspoti kwenye simu yake. Simu za waliokuwa ukumbini zikajiunga kwake, na kule baharini hapakuwa na bando la kuliwa. Sisi wa sitahani tulitegemea Bluetooth kati yetu. Kati ya ukumbi na sitaha kuna chuma, na chuma kinazuia mawimbi, kwa hiyo makundi haya mawili hayakuonana moja kwa moja. Kilichotuunganisha ni mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, ambaye hakai. Alikuwa anapanda na kushuka kwa mambo yake mwenyewe: kununua soda, kuchungulia injini, kuuliza tumefika wapi. Simu iko mfukoni, Briar imewashwa. Kila alipoingia ukumbini simu yake ilizikabidhi meseji za sitahani na kuzichukua za ukumbini, na aliporudi juu ikazimwaga kwetu. Alikuwa tarishi wa ukoo mzima na hana habari.

Niliithamini zaidi pale bahari ilipoanza kuvimba. Nilikuwa juu na shemeji, tumeshika nguzo, mara mpwa akatokea mlangoni na simu yangu ikatetemeka. Meseji ya kaka: “Mama anatapika. Ndimu ziko mfuko wa nani?” Zilikuwa kwenye mkoba wa shemeji, pamoja na tangawizi iliyomenywa. Tukampa mpwa azipeleke, na meseji yangu ya “zinakuja” ikashuka naye humohumo. Alipopanda tena ikaja nyingine: “Amelamba ndimu, amelala.” Ni maneno machache, lakini anayejua mama yake yuko chini anaumwa na yeye amekwama juu na mtoto mgongoni ataelewa kwa nini nilishusha pumzi.

Kuna pia kidoti cha kijani. Pasipo intaneti, mtu akiwa karibu kiasi cha simu kushikana, kidoti kinawaka ubavuni mwa jina lake. Shangazi hasomi meseji ndefu, macho yamechoka, lakini kidoti alikielewa haraka kuliko sisi wote. Akawa anashika simu yake na kutangaza, “Huyu yupo. Huyu yupo. Huyu hayupo, mtazameni.” Kidoti hakisemi mtu yuko upande gani, kinasema tu yu karibu. Kwa watoto wadogo wanaopenda kuchungulia majini, hata hicho ni kingi.

Upungufu sasa. Hakuna Briar ya iPhone. Kama nusu ya kundi lenu wana iPhone, msijisumbue. Kwenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, pia haiingii, na mama mwenyewe anatumia kitochi, ndiyo maana kaka aliambiwa asimwache. Hakuna kupiga simu ndani yake, mnaandikiana tu. Ukisahau neno la siri hakuna wa kukurudishia. Unaanza upya na kuongezana upya na kila mtu. Simu ikizimika kwa kuisha chaji, ukiiwasha lazima ufungue Briar na uandike neno la siri ndipo ianze kupokea, na wazee hili wanalisahau. Baadhi ya simu zina tabia ya kuzima programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa chaji. Siku mnapoiweka, Briar itakuomba ruhusa ya kuachwa iendelee. Ikubalini kwenye kila simu, la sivyo mtu atakaa masaa hana alichokipata.

Chaji inakwenda, hasa kwa mwenye hotspoti. Beba pawabenki. Kuitafuta soketi melini ni kugombania na abiria wote.

Halafu kuna meseji kuchelewa. Kama hakuna anayezunguka katikati, maneno yanabaki upande mmoja. Kwa hiyo Briar haikutuondolea haja ya kukubaliana kwa mdomo kabla ya kupanda. Tulichagua mahali pa kukutania, chini ya ngazi kuu upande wa mlango wa ukumbi, na tukasema asiyeonekana mtu amfuate hapo. Wale wa kitochi walitegemea hilo peke yake, na liliwatosha.

Na likitokea la hatari, simu iwekeni pembeni. Wasikilizeni mabaharia, vaeni majaketi okozi, mshikaneni mikono. Chombo cha kuomba msaada baharini ni redio ya VHF ya meli kwenye chaneli 16, na hiyo iko kwa nahodha. Briar ni ya kujuliana hali ninyi kwa ninyi, na ningeona vibaya sana mtu akiitegemea kwa zaidi ya hapo.

Kushuka Mkoani ndiko kulikonishawishi kabisa. Meli inapokaribia gati watu wote wanasimama kwa pamoja, mabegi vichwani, watoto wanalia, na mtandao unarudi kwa kusuasua kwa sababu kila abiria anapiga wakati mmoja. Grupu la WhatsApp lilikuwa likizunguka tu halijafunguka. Kwenye jukwaa letu kaka alikuwa ameshaandika: wazee washuke mwisho, vijana watangulie na mizigo, tukutane nje kwenye kivuli kabla ya kupanda gari la Chake Chake. Kwa kuwa wote tulikuwa tumebanana mlango mmoja, meseji ilifika kwa kila mmoja papo hapo.

Mimi naipa nyota nne. Ya tano nitaipa siku itakapoingia kwenye iPhone, maana bibi arusi mwenyewe anayo na alibaki nje ya jukwaa lililobeba jina la mumewe.

Mkiamua kuijaribu, iwekeni usiku wa kuamkia safari mkiwa wote chumba kimoja, kisha zimeni data na Wi-Fi kwenye simu zote, muache Bluetooth peke yake, mtumiane salamu mmoja akiwa sebuleni na mwingine uani. Simu itakayonyamaza ndiyo yenye kasoro, irekebisheni hapohapo. Na mchagueni mapema mtoto asiyetulia, mumpe simu yenye chaji kamili.