Baiskeli ya shoki mbili Nairobi: uzoefu wangu baada ya misimu mitatu ya mvua

Baiskeli ninayoizungumzia ina shoki mbele na nyuma, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, foki (uma wa mbele wenye shoki) ya mm 140 na mm 130 za mchezo nyuma, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda. Gia ni 12, mbele meno 32, nyuma 10 hadi 51. Uzito ni kilo 14.8 bila pedali. Tuko watatu wenye baiskeli ya muundo huu huu: mmoja kilo 62, mimi 78, mwingine 95. Maoni yetu hayafanani, na sababu kubwa ni huo uzito wetu.

Kama utaendesha msitu wa Karura tu, usiinunue. Njia za baiskeli za Karura kwa sehemu kubwa ni pana na udongo wake umeshikana. Baiskeli yenye foki ya mbele peke yake inatosha pale, ni nyepesi, na matunzo yake hayafiki nusu ya hii. Shoki ya nyuma inaanza kulipa gharama yake kwenye mawe ya Ngong Hills, ukishuka upande wa Kona Baridi, au msitu wa Kereita, ambako mizizi na mitaro ya maji inafuatana. Hapo gurudumu la nyuma linabaki chini badala ya kurukaruka, na breki ya nyuma hufanya kazi tu wakati tairi inagusa ardhi. Kwenye mteremko wa mawe madogo yaliyolegea tofauti unaisikia ndani ya mita hamsini za kwanza.

Malalamiko mengi ninayoyasikia juu ya baiskeli hizi yanatokana na shoki iliyotiwa hewa kwa kukisia. Shoki yetu ya nyuma ina urefu wa mm 210 na yenyewe hubonyea mm 50 tu, ingawa gurudumu hupanda mm 130. Ukikaa juu yake, inatakiwa ibonyee mm 14 hadi 15. Hicho ndicho waendeshaji wanachokiita sagi. Vaa kila kitu unachovaa njiani, pamoja na begi na lita mbili za maji, kwa sababu hizo ni kilo tatu au nne zaidi. Fungua kabisa swichi ya shoki, ile inayoizuia isibonyee. Tia hewa kwa pampu ya shoki, si pampu ya tairi, na kila baada ya psi 50 (psi ni kipimo cha mkandamizo wa hewa) ibonyeze polepole mara kumi ili chumba cha pili cha ndani kijae pia. Hatua hii hurukwa na wengi, halafu wanashangaa kwa nini kipimo kimeanguka baada ya dakika tano. Kaa, egemea ukuta, sukuma kipete cha mpira kilicho kwenye bomba la shoki hadi kwenye sili (mpira unaozuia hewa), shuka bila kurukaruka, kisha pima umbali kati ya kipete na sili. Mimi nimeishia psi 170, wa kilo 62 yuko 135, wa kilo 95 yuko 210. Foki inabonyea mm 28, yaani asilimia 20.

Ribaundi, yaani kasi ya shoki kurudi juu, ipimwe kwa ukingo wa barabara: shuka ukiwa umekaa, bila kukanyaga. Nyuma irudi juu mara moja na kutulia. Ikidunda mara mbili ni ya kasi mno. Ikiwa nzito, shoki haitamaliza kurudi kabla ya jiwe linalofuata, itazidi kushuka chini, na utadhani imekosa hewa.

Mwenzetu mwepesi alilalamika kwamba mchezo wa nyuma hautumiki wote hata kwenye matuta makubwa. Dawa yake ilikuwa kutoa spesa moja ya plastiki (kipande kinachopunguza nafasi ya hewa) ndani ya shoki, wala si kupunguza hewa. Mzito alikuwa akigonga mwisho wa mchezo wa shoki kila mteremko, naye aliongeza spesa mbili na kuacha sagi ilivyo. Kuongeza hewa peke yake kungemfanya ateseke kwenye vijiwe vidogo. Kwake pia spoki za gurudumu la nyuma, upande wa gia, zililegea mapema, kwa hiyo mtu mzito azikaze tena baada ya safari tano au sita za kwanza.

Kupanda si tatizo kama watu wanavyodai. Kwenye lami hadi Tigoni funga swichi. Kwenye mizizi iache wazi, maana gurudumu linaloshika ni bora kuliko mguu unaookoa nguvu kidogo. Kero ya kweli ni pedali kugonga. Ukikaa, sehemu ya krenki (mikono inayoshika pedali) inashuka karibu na ardhi, na krenki za mm 175 zilizokuja na baiskeli zinapiga kila shina. Badilisha uweke za mm 165. Wepesi wa kukanyaga unapungua kidogo tu.

Sasa matope. Udongo mwekundu wa Kiambu na Limuru ukilowa unajibana kati ya tairi ya nyuma na daraja la fremu, nyuma kidogo ya nguzo ya kiti, na ule mchanga unasaga rangi hadi alumini ionekane. Bandika plastiki ya kinga hapo kabla ya safari ya kwanza, na nyuma tumia tairi ya upana wa inchi 2.3 badala ya 2.4. Udongo mweusi wa kunata ni habari nyingine kabisa. Ukinyeshewa upande wa Athi River nje ya lami, magurudumu yanakataa hata kusukumwa, na kilo 14.8 unazibeba begani.

Kinachoniudhi zaidi ni beringi za viungo vya fremu, pale sehemu ya nyuma inapochezea shoki ikibonyea. Ziko nane, na ya kwanza kufa ni ya kiungo kikuu, juu ya krenki, kwa sababu matope ya tairi yote yanaangukia pale na maji yanatuama. Zangu zilidumu msimu mmoja wa masika. Kosa lilikuwa mashine ya kuoshea magari: ule mkandamizo unapitisha maji kwenye sili, na grisi inatoka. Ndoo, sifongo na sabuni vinatosha. Kuzipima, toa boliti moja ya shoki na uchezeshe mkono wa nyuma wa fremu kwa kidole. Ukikwaruza au ukishikilia mahali, beringi zimekwisha.

Si lazima ununue za jina la baiskeli. Namba imeandikwa kwenye sili yenyewe. Kwetu kiungo kikuu ni 6902-2RS (15×28×7) na vingine ni 6900-2RS (10×22×6), saizi za kawaida zinazopatikana kwa wauza beringi wa Kirinyaga Road na Industrial Area. Usimruhusu fundi apige nyundo. Tumia boliti ndefu ya M10, nati mbili, washa nene na soketi yenye upana mdogo kidogo kuliko tundu, ukisukuma pete ya nje tu. Ukisukuma ya ndani, gololi zinachimba mashimo na beringi mpya inakufa siku hiyo hiyo. Kabla ya kuingiza, ng'oa sili kwa sindano na ujaze grisi isiyooshwa na maji. Beringi hizi hazizunguki mzunguko mzima, zinacheza nyuzi chache tu, kwa hiyo grisi nyingi haizipashi joto. Boliti zipakwe gundi ya kuzuia kulegea, ya bluu, si nyekundu, na zikazwe kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Kiungo kikuu cha baiskeli yetu ni Nm 15.

Shoki yenyewe inataka sili mpya na mafuta kila saa 50. Ukiendesha saa nne kila wikendi, hiyo ni kila miezi mitatu. Kazi ya kopo la hewa (sehemu ya nje ya shoki inayoshika hewa) unaweza kuifanya nyumbani, lakini toa hewa yote kwanza, na kama shoki imebaki imebonyea baada ya hewa kutoka, usiifungue: bado kuna mkandamizo ndani na kopo litaruka. Sehemu ya mafuta ya ndani inahitaji nitrojeni, basi muulize fundi kama anayo kabla ya kumwachia.

Tairi zetu hazina tyubu. Miiba ya migunga njia ya Magadi haina huruma, na ml 100 za dawa ya pancha kwa kila tairi zinatosha. Joto linaikausha, ongeza ml 60 kila wiki nane. Natumia psi 21 mbele, 24 nyuma. Ukiteremka kutoka Nairobi hadi Magadi, zaidi ya mita 1,000 chini, hewa nzito ya kule inapunguza kipimo kama psi 1.7, ila joto linairudisha, kwa hiyo usihangaike.

Pedi za breki za rezini zinaisha haraka kwenye tope jekundu. Za chuma zinadumu, lakini soma kwanza maandishi kwenye diski: diski zetu za bei nafuu ziliandikwa zitumike na rezini pekee, na ilibidi kununua diski pia. Diski za mm 180 zinatosha. Mwenzetu wa kilo 95 ameweka 200 mbele.

Ukikuta moja ya mitumba, inua kiti kwa mkono mmoja huku magurudumu yakiwa chini. Ukisikia "tk" kabla baiskeli haijanyanyuka, bushi za shoki au beringi zimekwisha, na hizo zina bei yake. Kisha pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa la shoki na la foki. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya hazitasaidia. Iache.