Gari la kulala la kukodi hadi Tsavo Mashariki: gari liko sawa, wenyewe ndo shida

Naanza na kizuri manake kipo. Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani yenye tenti juu ya paa na kitanda nyuma, na lina nguvu wallahi, kutoka Miritini mpaka Mariakani malori yamepangana na sisi tumejaa pomoni, mimi na baba watoto, watoto wetu wawili na mamangu ambaye alikua ashaapa hapandi ngazi yoyote, na halikulalamika hata pale kwenye vilima. Mackinnon Road tukasimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah, ule wa kando ya reli, mama akaomba dua yake tukaendelea. Lango la Bachuma ndo la karibu kwa mtu wa Mombasa, kama kilomita 100 ivi, lakini sisi tulienda mpaka Voi manake kambi ya Ndololo iko upande huo.

Wengi wameniuliza mbona tusiende tu na zile safari za siku moja ni rahisi. Sikiza, malango ya mbuga yafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukitoka Mombasa asubuhi hio hio, mpaka mkusanye watu na mnywe chai njiani, mwafika jua lishapanda, simba wamejilaza vichakani na nyinyi mwabaki kupiga picha swala. Ukilala ndani, jua likichomoza ushafika Kanderi, pale kwenye kinamasi karibu na Voi, na ndovu wako mbele yako, wale wekundu, manake hujimwagia ule udongo wa Tsavo mpaka rangi yao yapotea. Tulimuona simba dume pia, mamangu akashikilia ni jike kwa vile hana manyoya shingoni, kumbe madume wa Tsavo wengi ndo walivyo, hawana au wanayo kidogo sana. Hakukubali mpaka leo. Tulifika bwawa la Aruba na pia Lugard Falls kule mto Galana, usitarajie maji ya kuanguka kutoka juu, ni mto wajipenyeza kwenye mawe yaliyochongwa na maji mpaka yamekua laini kama sabuni iliyotumika. Watoto walipenda hapo kuliko simba.

Haya sasa, wenye gari. Ni kampuni ya hapa hapa mjini, jina naliacha.

Gari kama hili lina betri mbili, moja ya kuwasha injini na ya pili ya vitu vya ndani, yaani friji, taa na pampu ya maji ya bomba. Hio ya pili huchajiwa injini ikiwa imewashwa. Siku ya kuchukua gari kijana akatuonyesha friji yafanya kazi, taa zawaka, maji yatoka, vizuri kabisa, lakini muda wote huo injini ilikua imewashwa! Usiku wa kwanza kambini saa mbili haijafika, taa zikafifia zikazima, friji kimya, mamangu kasimama na kopo akingoja maji ya udhu na bomba latoa pumzi tu. Alhamdulillahi tulikua na dumu letu la nyumbani. Kupiga simu naambiwa "mama, piga stati uache gari lingurume kidogo itarudi". Usiku, kambini, hakuna ua, na ndovu tushawaona wakipita nyuma ya vyoo! Ikabidi nyama yote niliyogandisha ipikwe usiku huo huo kwa tochi za simu, maziwa ndo yakatupwa.

Kwa hivo mtu akikuonyesha gari la namna hii mwambie azime injini, muwashe friji na taa zote, alafu kaeni hapo mpige gumzo hata saa nzima. Betri mbovu itajisema yenyewe.

Alafu walitupa katoni ya maji ya chupa ndogo ndogo, ati zawadi ya kukaribisha wageni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020, hawa wakodisha magari ya mbugani na hawajui? Zawadi ikabaki langoni.

Raba ya mlango wa nyuma imekatika, vumbi laingia kama wamwagiwa unga, leso nyeupe ya mamangu ilirudi na rangi ya matofali na kwenye sufuria pia kulikua na mchanga. Jiko la gesi la kuvuta nje kama droo ni zuri lakini upepo ukija lazima mtu asimame akinge. Tenti ya juu sina neno, godoro nene, neti haijatoboka, watoto walitaka kupanda kulala saa kumi jioni.

Na msidanganyike na lile tangazo lao la "kila kitu ndani". Kiingilio cha mbuga hakimo. Walipa mwenyewe kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla hujafika manake langoni hawachukui pesa taslimu, na ni kila mtu kwa masaa 24, gari lina yake, na kulala kambini kuna yake.

Nawapa nyota tatu, zote za gari. Ingekua ni huduma ningewapa moja na nusu. Dipoziti ilirudi kwa M-Pesa baada ya kusumbuana simu, ikiwa imekatwa pesa ya kuosha gari, ati limerudi na vumbi jekundu. Sasa mlitaka tulitoe Tsavo na vumbi la rangi gani?