Behewa la mizigo la reli ya bustanini: tazama ekseli kwanza

Tangu masika yaishe, malalamiko ninayopata kutoka kwa wenye treni ndogo za mfano bustanini, Shangani hadi Mikindani, ni yaleyale: behewa lilifika zuri, likakaa bustanini, na kusi halijaisha magurudumu yameshaganda. Ukilipindua, ekseli, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, nyekundu kwa kutu.

Kwa hiyo rangi na milango sitaigusa, picha zinatosha. Upepo wa chumvi unakula chuma, na behewa hizi zimebuniwa kwa bustani za Ulaya na Marekani. Muulize muuzaji ekseli, skrubu za chini na springi za ndoano za kuungia mabehewa ni za chuma gani. Likifika, pitisha sumaku: skrubu ikinasa, tafuta grisi mapema. Magurudumu yaliyopakwa nikeli yanang'aa, lakini nikeli ikichubuka ukingoni, chuma cha ndani kinaanza kuliwa. Ya plastiki hayashiki kutu, ila yanapaka reli uchafu, na injini inayokula umeme relini inaanza kushtukashtuka.

Sasa chapa. Namba moja ni LGB, na sijifichi, ndiyo niipendayo. Mizani ya 1:22.5 (la kweli limepunguzwa mara 22.5) juu ya reli yenye upana wa milimita 45 inakupa mfano wa reli yenye upana wa mita moja, upana uleule wa ile ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya karanga na kufungwa mwaka 1962. Nunua hata lililotumika, kisha toa magurudumu ya plastiki, weka ya chuma yenye grisi.

Bachmann ya pili: mengi yanakuja na magurudumu ya chuma, ila sura ni ya Kimarekani kabisa. Piko ya tatu. Bodi ngumu, lakini mengi yake ya Kijerumani ni mifano ya reli pana kuliko ya mita moja, kwa mizani ya 1:27. Anayetaka kitoroli cha shamba la mkonge aende kwenye reli ya upana wa milimita 32, mizani ya 1:19.

Treni za betri za madukani? Mpe mtoto.

Sasa wauzaji. Mmoja wa mtandaoni aliandika "halishiki kutu". Msomaji wangu alipolalamika, akajibiwa kwamba hakutakiwa kuliacha nje. Behewa la bustani, lisikae nje! Na nauli ilikuwa imeshazidi bei ya behewa lenyewe, bado ushuru Dar, bado basi la kulileta Mtwara. Agizeni ekseli za akiba kwenye kifurushi hichohicho, maana zikija peke yake mtalipa nauli upya.