Afisa ustawi wa jamii aliyetusimamia kuasili mtoto: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya wanandoa, na dada zangu mnaoishi wenyewe, mnaotamani kuasili mtoto lakini maneno ya mtaani yameshawatisha. Mimi na mume wangu tumepita njia hiyo, tukisimamiwa na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu mwanzo hadi mwisho. Kazi ya yule dada naipa alama zote. Mazingira anayofanyia kazi siyapi, na sababu nitazitaja.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Ndugu wa mtoto anaruhusiwa kuanzia miaka 21. Mwanaume anayeomba peke yake hukubaliwa kwa sababu maalumu tu. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011, yenye utaratibu wa kafala, yaani malezi ya Kiislamu ambayo mtoto habadilishi ukoo wake, kwa hiyo haya yangu ni ya Bara. Amri ya kuasili inatolewa na Mahakama Kuu. Haitolewi na mtendaji wa mtaa, wala muuguzi wa wodi ya wazazi, wala mama mwenye makao ya watoto. Nalikazia hilo kwa sababu sisi wenyewe tulifuatwa na mtu akatuambia kuna binti kajifungua na mtoto hamtaki, tutoe chochote tumchukue usiku uleule. Sheria inakataza malipo ya namna hiyo, na mtoto uliyempata kwa mlango wa nyuma huna karatasi ya kumlinda nayo siku watu wakija kumdai.

Maombi yetu yalikwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya halmashauri, na hapo ndipo tulipokabidhiwa kwa huyu afisa ili afanye uchunguzi wa familia. Alikuja nyumbani siku tuliyoijua, kisha akaja siku tusiyoijua. Makochi wala hakuyatazama. Aliuliza mtoto atalala wapi na nani atabaki naye nikiwa kazini, akaomba kuongea na dada wa kazi peke yake, wakakaa uani wanamenya ndizi pamoja.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Muleba. Afisa alimwamkia, akaketi naye kwenye mkeka, akaacha habari za mvua na migomba ziishe zenyewe. Ndipo akauliza: "Mama, mwanao akitangulia mbele za haki, huyu mtoto atasimama wapi kwenye shamba la ukoo?" Mama akanyamaza, halafu akasema damu ni damu. Afisa hakubishana naye. Alimweleza taratibu kwamba mtoto akishaasiliwa, kisheria ni wa nyumba hiyo kama aliyezaliwa humo, jina na urithi, na kwamba ni heri jambo hilo lisemwe sasa kuliko kusemwa msibani. Siku nyingine akarudi kuendelea na mazungumzo. Mume wangu aliona kama tunachokonolewa. Mimi nilianza kuelewa kwamba yule dada hakutumwa na sisi. Alitumwa na mtoto ambaye hata hatujamwona.

Jambo hilo lilinithibitikia kwa uchungu. Tulishaelezwa kuhusu mtoto mmoja wa kike aliyetelekezwa, nikaanza hata kumpa jina moyoni. Kumbe afisa bado alikuwa anatafuta ndugu, na akampata bibi yake mzaa mama, mwenye nguvu za kumlea na aliyekuwa akimtafuta. Mtoto akaenda kwa bibi. Afisa alikuja kutuambia ana kwa ana, hakutuma ujumbe wa simu. Nililia mbele yake na yeye alikaa. Hakuniahidi mwingine ili ninyamaze. Alisema tu kwamba kuasili ni kwa mtoto ambaye kweli hana kwao, na kwamba angetufanyia hivyohivyo kama yule bibi angekuwa mama yangu mimi. Wapo wanaoona huo ni usumbufu wa serikali. Mimi naona ndiyo sababu kubwa ya kupitia ofisi ya ustawi: mtoto niliye naye leo najua hakuna bibi yeyote anayemlilia.

Huyu wa pili, wa kiume, tulianza naye kwa malezi ya kambo, yaani mtoto anaishi kwenu chini ya uangalizi wa ustawi kabla ya kwenda mahakamani. Hapa msaada wa afisa ulikuwa wa thamani kuliko karatasi zote. Nilikuwa nikifua foronya nakuta vipande vya chapati vikavu na maganda ya karanga. Nikampigia. Akaniambia nisimkaripie wala nisimpekue. Nimwekee kibakuli kidogo cha chakula karibu na kitanda, awe anakiona kila siku. Mtoto aliyekulia kwenye chakula cha zamu haamini kesho kitakuwepo. Nilifanya hivyo, na polepole akaacha kuficha. Akatuonya pia kuhusu wageni. Mtoto alikuwa anamkimbilia kila mwanamke anayeingia na kumwita mama, majirani wakasifu eti ni mchangamfu. Afisa akasema hapana, hajajua bado mama ni yupi, hivyo kwa muda wa mwanzo chakula, kuoga na kulala vifanywe na mimi na baba yake tu. Ushauri huo ningeulipia.

Na hatukuulipia. Hakutuomba hata nauli. Gharama yetu kubwa ilikuwa ya wakili.

Sasa mapungufu. Faili letu lilikaa kwenye ofisi moja kwa miezi bila jibu, na lawama zote tulimshushia yeye kwa simu ilhali hakuwa na mamlaka ya kulisogeza. Dada huyu ana kata nyingi. Meza hiyohiyo inapokea kesi za matunzo, wazee waliotelekezwa, watoto waliokamatwa na polisi na waliopigwa majumbani. Nimemwona akipanda bodaboda kwa pesa yake kwenda kumtembelea mtoto. Kama wizara inataka watoto watoke makao waende kwenye familia, iwape maafisa hawa usafiri na wenzao wa kugawana mzigo. Hilo si ombi la anasa.

Mahakamani aliwasilisha taarifa yake, na jaji alimhoji yeye kwa kina kuliko alivyotuhoji sisi. Baada ya amri, tulikwenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kusajili, na sasa mtoto ana cheti chenye jina letu.

Mkienda, bebeni barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ndoa kama mnacho na majibu ya vipimo vya afya, na ongeeni na wakwe kabla afisa hajaongea nao. Kama hamjawa tayari kuasili, muulizeni kuhusu kuwa walezi wa kuaminika, wale wanaompokea kwa muda mtoto aliyeokolewa kwenye ukatili. Wetu alituambia usiku mwingine anakuwa na mtoto mkononi na hana pa kumlaza.