TAHADHARI Dodoma: taa ya ndani ya gari ikififia, usikubali kuuziwa kontrol boksi

Wadau wa Dodoma, na ninyi mnaopita hapa mkielekea Singida, Kondoa au Iringa, kuna duka la spea hapa mjini linacheza mchezo mchafu na taa za ndani za magari. Jina silitaji kwa sababu suala liko polisi. Nitaeleza wanavyofanya, na ukikutana nao utawatambua mwenyewe.

Aliyepigwa ni shemeji yangu. Anakaa Ilazo, kazi yake iko Mtumba, anaendesha Toyota Premio. Taa ya katikati ya paa ilianza kufifia mpaka ikawa ya njano kama koroboi, naye huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Akapita dukani kununua balbu, basi. Kijana wa pale akamwambia balbu za kawaida zimepitwa na wakati, akamfungia taa ya LED kwa shilingi 25,000. Ikawaka, nyeupe pee.

Usiku ule, gari limezimwa na milango imefungwa, akaona ile taa bado inang'aa kwa mbali. Na akipita kwenye barabara ya rafu inapepesa. Akarudi dukani, na mimi naamini walikuwa wanamsubiri.

Wakamwambia: "Bosi, kontrol boksi yako inavujisha umeme. Ukiiacha itamaliza betri, siku moja itaunguza gari." Wakamfungulia chini ya dashibodi, wakatoa boksi lake, lile la umeme linaloongoza taa za ndani na kufuli za milango, wakamwekea jingine lililotumika kwa shilingi 220,000. Hela ilikwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, si lipa namba ya duka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna, "mashine mbovu leo". Boksi lake la zamani likabaki kwao. Tangu siku hiyo rimoti haifungui mlango hata mmoja, na taa inapepesa vilevile. Alipolalamika akaambiwa gari litazoea. Gari litazoea!

Sasa ukweli wenyewe. Gari nyingi za umri huu zina mfumo wa kufifisha taa taratibu ukishafunga mlango, na mfumo huo huacha umeme kidogo sana upite hata taa ikiwa imezimwa. Balbu ya kawaida haishtuki kwa umeme mdogo hivyo. LED inashtuka, inang'aa hafifu. Boksi halina kosa. Muuzaji wa LED anayejua kazi yake analijua hili tangu anakuuzia, ndiyo maana nasema walikuwa wanamsubiri.

Nilipofungua kioo cha taa, vumbi letu la Dodoma lilikuwa limelala humo kama limepakwa. Zile klipu mbili zinazoshika balbu zilikuwa zimelegea na zimepata kutu nyeusi, na LED waliyoweka ilikuwa fupi kuliko nafasi yake, ndiyo maana ilikuwa inacheza. Nikasugua klipu kwa msasa laini, nikazibana kidogo kwa koleo, nikaweka balbu ya kawaida ya volti 12, wati 8. Ikawaka sawasawa na ikazima kabisa. Hela iliyotumika ni ya soda.

Tulirudi dukani pamoja kudai. Yule kijana akataka kunionyesha na mimi. Akawasha taa kubwa, akaweka feni namba ya mwisho, injini imezimwa, kisha akachomeka mita kwenye betri: volti 11.7. "Unaona, mzee? Boksi inakula umeme." Nikamwomba azime kila kitu, awashe injini, apime tena palepale. 14.1. Hakusema kitu, akaanza kukunja nyaya za mita. Betri nzima ikiwa imetulia husoma kama 12.6, injini ikiwaka altaneta, ile inayochaji betri, inapandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ukiibebesha taa kubwa na feni bila injini lazima ishuke. Hicho ni kiinimacho cha mita, na mtu asiyezoea umeme anatoka pale ameamini.

Kabla hujampa mtu yeyote hela, jaribu hivi mwenyewe. Swichi ya taa ya paa ina sehemu tatu: OFF, DOOR na ON. Iweke ON. Kwenye gari nyingi za namba hizi, ikiwa ON taa inapata ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye bati la gari) hapohapo kwenye paa, haipitii kwenye boksi. Kwa hiyo kama imefifia hata ikiwa ON, anayekutajia kontrol boksi anakudanganya au hajui kazi, na vyote viwili havifai kulipiwa. Angalia balbu: kioo kikiwa kimeingia weusi ndani, imechoka. Angalia klipu. Washa zile taa mbili ndogo za mbele za kusomea. Kama hizo zinawaka vizuri na ya katikati peke yake ndiyo hafifu, shida iko kwenye taa hiyo hiyo.

Ikiwaka vizuri kwenye ON lakini ukifungua mlango haiwaki, kagua swichi ya mlango, kile kitufe cha mpira kwenye nguzo. Jaribu mlango mmoja mmoja. Mmoja ukikataa na mingine ikakubali, ni swichi ya mlango huo, mara nyingi vumbi na kutu tu. Zikififia taa zote injini ikiwa imezimwa na kung'aa ukiwasha, kapime betri. Na kama taa imekufa kabisa, saa ya dashibodi imejirudisha mwanzo na redio imesahau stesheni, tafuta fyuzi iliyoandikwa DOME, kwa sababu kwenye Toyota nyingi vitu hivyo vinakula kwenye fyuzi moja.

Ukibadilisha balbu, chomoa kwanza fyuzi hiyo. Klipu moja ina umeme muda wote, bisibisi ikigusa klipu na bati kwa pamoja ni shoti. Na fyuzi ikiungua rudisha ya namba ileile. Fundi akikuwekea ya ampea 20 palipokuwa na 10, au kipande cha waya, mkatae hapohapo, maana siku ya shoti utakaoungua ni waya.

Hili la kusema "itamaliza betri" lina ukweli kidogo ndiyo maana linauza. Taa ya wati 10 iliyosahaulika inawaka usiku kucha inavuta karibu ampea moja muda wote huo, na betri ndogo iliyochoka asubuhi haiwashi gari. Lakini ule mng'ao hafifu wa LED si kitu cha namna hiyo hata kidogo.

Wanaowapenda zaidi ni wageni: watu wa vikao vya Bunge, wenye gari za Manyoni na Singida waliokuja mara moja na kuondoka. Ukiona namba ya simu badala ya lipa namba, hakuna risiti, na spea yako ya zamani hawataki kukurudishia, ondoka na gari lako kama lilivyo. Risiti ya EFD sheria inamtaka muuzaji aitoe na wewe uidai, bila hiyo polisi watakuuliza ulinunua wapi na hutakuwa na cha kuonyesha. Udanganyifu kwa mlaji unapelekwa pia Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mwenye duka anadai boksi la shemeji lilishatupwa. Mimi siamini, boksi zima la Premio halitupwi mjini hapa. Sikio moja la kufungia la boksi hilo lilikatika zamani likagundishwa kwa supaglu, na gundi imebaki na alama nyeupe upande wa chini. Kama umefungiwa boksi la mtumba la Premio hapa Dodoma siku za karibuni, inama chini ya dashibodi uangalie. Ukiiona alama hiyo nitumie ujumbe, hatuna ugomvi na wewe, tunataka tu kujua umeuziwa na nani.