Namba za NIDA zilizoishia na sifuri tano: uzoefu wangu na programu ya lahajedwali

Mimi ni mhazini wa kikoba cha watu 34, na mwaka huu ni wa tatu tangu daftari letu lihamie kwenye kompyuta. Programu ninayotumia ni ya lahajedwali, yaani ya kupanga namba na maneno kwenye mistari na kolamu; sitaitaja jina, kwa sababu tabia nitakazozieleza hapa karibu programu zote za aina yake zinazo. Hisa, mfuko wa jamii, marejesho, yote inanipigia hesabu vizuri. Tatizo langu nayo ni moja: inapenda kukisia unachotaka kuandika, na ikikisia haikuulizi.

Balaa lilianza tulipotakiwa kupeleka orodha ya wanachama yenye jina, simu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Katibu wetu aliwatumia watu fomu ya mtandaoni, wakajaza, akashusha faili ya CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) na kunirushia WhatsApp. Nikaibofya mara mbili, ikafunguka. Kolamu ya simu kila mstari unasomeka 2.55754E+11 au kitu kama hicho. Kolamu ya NIDA, 1.98807E+19. Wale waliojaza simu kwa kuanzia na 07, sifuri ya mbele ilikuwa imeyeyuka, zimebaki tarakimu tisa.

Katibu akanipigia: "Mhazini, faili imeingia virusi?"

Hapana, hiyo E haina ubaya. Ni ufupisho wa kihesabu: 2.55754 zidisha kwa 10 yenye kipeo cha 11. Programu yangu ikikutana na namba ya tarakimu 12 au zaidi kwenye seli (kisanduku kimoja cha jedwali) ambayo hujaipangia aina, inaona ni ndefu mno na kuiandika hivyo. Simu ya Tanzania ikianzia na 255 ina tarakimu 12 kamili, kwa hiyo inaingia mtegoni kwa tarakimu moja tu. Nikachagua kolamu nzima, nikabadili aina ya seli kuwa namba isiyo na desimali, nikatanua kolamu kidogo kwa sababu ilijaa alama za reli #####, simu zikarudi zote. Nikajiona fundi. Nikafanya vivyo hivyo kwenye NIDA, nikahifadhi, nikafunga.

Jioni nilipokuwa naipitia orodha kabla ya kuituma, jicho likagota. Namba ya kwanza inaishia na 00000. Ya pili, 00000. Ya kumi na tisa, 00000. Wanachama 34, na wote mikia yao inafanana kama mapacha.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijawahi kuona likielezwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Namba za simu zilikuwa zimefichwa tu, ila za NIDA zilikuwa zimekatwa kweli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: nane za tarehe ya kuzaliwa, kisha tano, kisha tano, kisha mbili. Programu hizi hutunza namba kwa kiwango kinachoitwa IEEE 754, cha mwaka 1985, ambacho kila namba hupewa biti 64 basi, yaani nafasi 64 za 0 au 1. Humo ndani namba nzima zinakaa bila kupotea hata moja mpaka 9,007,199,254,740,992, ambayo ni ya tarakimu 16. Programu yangu, kama Excel inavyoeleza kwenye maelezo yake rasmi, inaishia tarakimu 15, na zinazobaki inazijaza sifuri. Chukua namba ya kubuni 19880715-12345-67890-12. Ukiiandika bila vistari, inageuka 19880715123456700000. Ubadilishe aina ya seli mara mia, zile tano za mwisho hazirudi, maana hazimo tena. Ukiiandika na vistari vyake inasalimika, kwa sababu programu inaiona ni maandishi. Fomu yetu ilikuwa imewaambia watu wasiweke vistari.

Kilichoniokoa ni uvivu wangu wa kufuta vitu WhatsApp. Faili ya katibu ilikuwa bado iko pale pale kwenye mazungumzo. Safari hii niliifungua kwanza kwa Notepad, programu ya maandishi matupu isiyokisia kitu, na tarakimu zote 20 zilikuwepo, mstari kwa mstari. Faili ilikuwa nzima tangu mwanzo. Aliyeiharibu ni mimi, kwa kuifungua vibaya na kisha kuihifadhi juu yake.

Njia iliyonifaa ni hii. Faili ya CSV usiibofye. Fungua jedwali tupu, nenda kwenye menyu ya data, chagua kuingiza faili, na kabla ya kukubali, kolamu ya simu na ya NIDA uziambie ni maandishi, yaani Text. Ukiwa unaandika kwa mkono, anza na alama ya mkato wa juu ' ndipo uandike namba; alama yenyewe haitaonekana kwenye seli. Na ukishamaliza hifadhi kama jedwali la kawaida, kwa sababu CSV haikumbuki kwamba ulisema ni maandishi: ukiirudia kwa kubofya, mchezo unaanza upya.

Ila usipitilize kama mimi. Kwa hasira nilizigeuza kolamu zote kuwa maandishi kabla ya kuingiza, mpaka ya michango, na jumla ikasoma 0. Maandishi hayajumlishwi. Siku hizi natazama upande tu: namba hulalia kulia kwa seli, maandishi kushoto. Mchango ukilalia kushoto, najua kuna kasoro.

Wanasayansi nao yamewakuta, tena makubwa. Jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa tarehe kwenye majedwali ya watafiti, mpaka kamati inayotoa majina ya jeni ikaamua, kama ilivyotangaza mwaka 2020, kuziita MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani ilikuwa rahisi kubadili jina la jeni kuliko kuibadili tabia ya programu. Excel yenyewe imekuja kuweka sehemu ya kuzima ukisiaji huu mwaka 2023.

Naipa nyota tatu kwa tano. Ya nne ningeipa kama ingeniuliza hata mara moja kabla ya kukata tarakimu. Ya tano naizuia kwa ajili ya kisa kilichofuata kwenye kikao.

Mwanachama mmoja alikuwa amelipa rejesho la tatu kati ya manne, na katibu, akiwa kwenye kompyuta yangu, akaandika 3/4. Programu ikaona ni tarehe 3 Aprili. Kwa ndani tarehe ni namba tu, hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na 3 Aprili 2025 ni siku ya 45,750. Mimi nikaja nyuma yake nikaipangia kolamu nzima aina ya fedha. Kwenye karatasi tuliyochapa, yule mama akaonekana amelipa shilingi 45,750 ambazo hakuna aliyeziona. Kikao kikanigeukia: mhazini, pesa iko wapi?

Katibu akarudia kuandika ile ile 3/4 kwenye kompyuta yake ili kuwaonyesha. Ya kwake imepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele siku nyuma. Ikaisoma 4 Machi, na kwa aina ya fedha ikatoka 45,720. Sasa ikawa pesa iko wapi, na zile shilingi 30 nyingine je?