Castilla na Aragón: wanandoa wawili, mamlaka ya namna mbili

Isabel wa Castilla na Fernando wa Aragón, falme mbili za Uhispania ya leo, walioana mwaka 1469, lakini enzi zao falme hizo hazikuwa nchi moja. Kila upande ulibaki na sheria na bunge lake, Cortes.

Castilla ndiko taji lilikopata nguvu hasa. Mwaka 1476 Isabel aliunda Santa Hermandad, askari waliogharimiwa na miji kuwasaka majambazi, na wao walimtii malkia, si makabaila. Miaka minne baadaye, katika Cortes ya Toledo, alirudisha sehemu kubwa ya mapato ya kifalme ambayo wakubwa walijitwalia enzi za kaka yake, Enrique IV. Hakuwafilisi: ardhi na vyeo vingi aliwaachia, na hapo ndipo naona ujanja wake. Miji nayo ilipelekewa wasimamizi wa kifalme, macorregidor, na Baraza la Castilla likajaa wanasheria wasomi.

Aragón? Fernando alifungwa mikono. Mfalme aliapa kuheshimu sheria za kale, na hakimu aitwaye Justicia aliweza kuzuia amri zake. Basi akapita pembeni: aliweka magavana wakuu, na mwaka 1486, kwa uamuzi wa Guadalupe, akamaliza ugomvi wa wakulima wa Catalunya, sehemu ya taji la Aragón, na mabwana zao.

Chombo kimoja tu kilivuka mpaka: Baraza la Inkwizisheni, mahakama ya kuwasaka walioshukiwa kuasi imani ya Kikatoliki. Aragón ililipinga vikali, na mwaka 1485 hakimu wake Pedro de Arbués alishambuliwa ndani ya kanisa kuu la Zaragoza, akafa. Mauaji hayo yakampa Fernando kisingizio cha kuwaandama wapinzani.